Shahidi Ajibu Mwenyewe

Kintinku,
jioni ya kuamkia safari yako.

Mwanangu Perisi,

Habari za godoro, sabuni, na namna ya kulichunga sanduku lako ndani ya treni mpaka Tabora, mama yako amekwisha kukueleza. Sitazirudia. Amezisema vizuri kuliko ambavyo ningezisema mimi, na amezisema mara nyingi. Hivi sasa umekwenda kusukwa kwa jirani, nami nasikia ukicheka huko. Ni kicheko ambacho sijakisikia humu ndani tangu ulipougua. Nimekaa mezani, mlango uko wazi, natumia mwanga uliobaki kabla taa haijawashwa.

Nina jambo moja tu. Ni jicho lako la kulia.

Nilikuona asubuhi nyuma ya jiko, ukiliosha kwa maji ya majani ya chai yaliyopoa. Uliposikia hatua zangu uliishusha kanga mpaka kwenye nyusi, ukaniambia, "Shikamoo baba," kana kwamba tulikuwa hatujaamkiana. Mchana, tulipokula, ulihama mahali pako pa siku zote ukakaa ukiupa mlango kisogo, kwa kuwa mwanga unakuchoma. Nikakuuliza, "Perisi, jicho lina nini?" Hukupata nafasi ya kufungua mdomo. Mama yako alijibu haraka, "Ni moshi tu, baba Perisi. Kuni zenyewe mbichi." Nawe ukatikisa kichwa kukubali. Niliendelea kula, lakini katika jibu lile nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwa mama yako.

Jicho la kushoto limekwisha kwenda. Daktari wa Dodoma alituambia wote watatu, akiwa ameketi mbele yetu, kwamba ugonjwa huu hurudi, na kwamba ukirudi jichoni hauvumilii kusubiri. Alisema: likiwa jekundu, likiuma ndani, na mwanga ukilichoma, twende siku hiyo hiyo. Leo ndiyo siku hiyo hiyo. Na kesho unasafiri.

Najua kwa nini unaficha. Chuo kimesema atakayechelewa kuripoti nafasi yake atapewa mwingine. Umekwisha kupoteza nafasi moja kwa sababu ya goti, na ulipoipoteza hukulia mbele yetu, ulikwenda kuchota maji ukakawia. Kwa hiyo umeamua kunyamaza mpaka Tabora. Nakuelewa. Ndivyo nilivyokufundisha. Katika mambo yote niliyokufundisha, Perisi, hilo ndilo ulilolishika vizuri zaidi.

Unajua kazi niliyofanya. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na kwa kuwa watu wengi walioletwa pale walisema Kigogo tu, nilikuwa mkalimani pia. Ulikuwa mdogo, hukupata kuniona nikiwa kazini, ila nguo zangu ulizijua, kwa sababu mama yako alizipiga pasi ya mkaa na wewe ukapewa kazi ya kupuliza majivu. Tulikuwa na sharti moja ambalo mwalimu wangu wa misheni, aliyenifundisha kupanga sentensi, alikuwa amelitia kichwani mwangu kabla sijaijua mahakama: neno la mtu ni mali yake, usilipunguze, usiliongeze. Mzee akitukana shaurini, nilitafsiri tusi. Mama akilia katikati ya maneno yake, nilingoja, sikummalizia.

Siku moja aliitwa mwanamke mmoja kutoa ushahidi wa ng'ombe walioingia shambani. Kila alipoulizwa, mume wake alijibu akiwa kule nyuma kwenye benchi. "Ng'ombe walikuwa wangapi, mama?" Mume: "Walikuwa wengi." "Uliwaona wewe mwenyewe?" Mume: "Aliwaona, mimi nilimtuma." Nikasimama, nikasema kwa Kigogo na kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "Shahidi ajibu mwenyewe!" Watu wakacheka. Yule bwana akasema, "Karani, huyu ni mke wangu, nimemtolea mahari." Nikamjibu, "Mahari ulimtolea baba yake. Mdomo amebaki nao." Hakimu alicheka mpaka akafuta machozi. Kichekesho kile kilinifuata miaka mingi. Hata nilipostaafishwa, Mzee Yona, yule aliyekuwa fundi wa njia ya reli, alikuwa akiniita hivyo nikipita: "Shahidi Ajibu Mwenyewe, habari za asubuhi!" Nami nilitembea nikijiona mtu wa haki.

Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Hukuwa na umri wa kuelewa kwa nini baba yako aliacha ghafla kuvaa suruali zake nzuri. Tuliambiwa serikali haiwezi kubeba watu wote, kwamba sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee kwa akili yake. Akili yangu ilikuwa ya kutafsiri maneno ya watu, na hakuna soko linalonunua hiyo. Mama yako ndiye aliyekuwa na akili ya soko. Alichukua meza ile uliyokuwa unafanyia kazi za shule, akaipeleka karibu na stesheni, akafungua mgahawa. Chai, mihogo, mayai ya kuchemsha, na siku za treni, kuku. Mzee Yona alikuwa mteja wa kwanza, naye hakukosa la kusema: "Mama Perisi, hii chai umeitia sukari, au umesikia bei ya sukari ukaamua kuiombea tu?" Mama yako naye: "Kunywa, Mzee Yona, utamu utaukuta chini, kama pensheni yako." Tuliishi kwa mgahawa ule. Ada yako ya sekondari, viatu, hata karatasi hizi ninazoandikia, vyote vilitoka kwenye birika lile.

Nakukumbusha haya si kwa kujitetea. Nataka uone mahali nilipokuwa nimesimama siku ile daktari wa kwanza aliponiuliza.

Ulirudi likizo, na katika likizo hiyo kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya bondeni. Bwana afya alikuwa anazunguka na baiskeli yake. Nyumba yenye mtu anayehara, kama ina biashara ya chakula, anafunga biashara. Alikwisha kufunga genge moja na vibanda kadhaa vya pombe. Nawe ukaanza kuhara damu. Hakikuwa kipindupindu, mama yako alijua, mimi nilijua. Kipindupindu hutoa maji kama ya mchele, hakitoi damu. Lakini ni nani angesimama kumweleza bwana afya tofauti hiyo? Tulikufungia ndani. Mama yako alikupa uji wa mtama na maji ya chumvi na sukari, na vidonge kutoka duka la dawa lile jipya. Tukamwambia kila aliyeuliza kwamba una homa. Ukapona. Tukamshukuru Mungu, tukasahau. Kumbuka neno hilo: tukasahau.

Majuma machache yakapita. Asubuhi moja ulishindwa kushuka kitandani. Goti la kulia lilikuwa limevimba, lina joto kama mkate uliotoka tanurini. Kisigino kikakuuma, ukawa unakanyaga kwa ncha ya mguu. Kidole kimoja cha mguu kikanenepa chote, kama ndizi mbivu. Macho yakawa mekundu. Shangazi yako alikuja, akaona, akasema umetupiwa kitu na wenye wivu na mgahawa. Mama yako akasema ni baridi yabisi, kwa kuwa ulilala sakafuni. Mimi nilisema twende hospitali, na mpaka leo nimekuwa nikijipongeza kwa hilo, wakati kumbe tungekaa nyumbani tungepoteza kidogo tu zaidi ya tulivyopoteza.

Unaikumbuka siku ile. Nitaiandika, ili ujue kwamba nami naikumbuka kama ilivyokuwa.

Tulikaa mbele ya daktari kijana, mpole. Alinisalimu shikamoo kabla hajakutazama. Akauliza jina lako. Nikajibu mimi. Akauliza umri wako. Nikajibu. Akauliza panauma wapi. Nikaonyesha kwa kidole changu kwenye mwili wako. Hakuna aliyeshangaa, si yeye, si wewe, kwa kuwa kwetu baba akiwapo mtoto hasemi, hasa binti, hasa mbele ya mgeni.

Akaliminya goti, akatazama kidole cha mguu, akatazama macho. Nikaona amefikiri jambo. Akasema:

"Majuma machache kabla ya goti kuvimba, aliharisha?"

Bwana afya na baiskeli yake walinipita kichwani. "Hapana."

"Hata kidogo? Choo cha damu?"

"Nimesema hapana, daktari. Nyumbani kwangu ni watu wasafi."

"Sisemi uchafu, mzee. Na akikojoa, anasikia maumivu?"

Hapo uliinua uso. Perisi, nilikuona. Uliinua uso ukafungua mdomo, na pumzi ikaingia, ile pumzi ambayo mtu huivuta anapotaka kusema. Nimeiona kwa mashahidi wengi, naijua kuliko daktari yeyote anavyoijua. Nami nikasema, "Binti yangu ni mwanafunzi."

"Siulizi kazi yake, mzee. Nauliza mkojo wake."

"Nami nimekwisha kukujibu."

Ukafumba mdomo, ukatazama sakafu. Yule kijana akachukua kalamu. Hakuwa na mamlaka ya kunitoa nje, maana umri wake ulikuwa wa mtoto wangu. Akaandika "hapana". Ikawa imekwisha. Kwa majibu niliyompa alitibu alichoweza: akadhani labda ni kifua kikuu cha kiungo, akakufunga mguu plasta, akakupa dawa za maumivu. Simlaumu. Mtu aliyepewa ushahidi wa uongo huandika hukumu ya uongo.

Tulirudi nyumbani, na kutoka pale kila kitu kilikwenda upande usio wake. Mguu ulikaa ndani ya plasta mpaka goti likasahau kukunjika. Na macho? Wewe umezaliwa Ugogoni. Macho mekundu hapa ni kama vumbi. Kila mtoto anayo, kila bibi amekwisha kung'olewa kope zinazochoma. Tunaita trakoma, tunapaka dawa ya tyubu, tunaendelea na kazi. Uliposema jicho la kushoto linauma, nilikuambia mimi mwenyewe, "Hilo ni trakoma, paka dawa." Uliposema unaona kama kuna moshi, nilikuambia uache kusoma gizani. Nani angefikiri kwamba goti, kidole, mkojo na jicho ni ugonjwa mmoja? Yule kijana alikuwa amekwisha kufikiri. Alikuwa amebakisha jibu moja tu.

Nawe ulikuwa unakonda. Wakati ule mtu akikonda na ugonjwa hauishi, watu wana jina moja tu la kumpa. Nilipita karibu na stesheni nikamsikia kijana mmoja wa kubeba mizigo akimwambia mwenzake, "Usinywe chai pale kwa karani, mtoto wao kakanyaga waya." Mwenzake akacheka, "Basi wanachemshia umeme." Wateja wakapungua mpaka akabaki Mzee Yona peke yake, ambaye alikuwa anakuja kwa ukaidi na kunywa vikombe viwili viwili ili meza isionekane tupu. Mama yako aliuondoa mgahawa kabla ya masika. Nilisema hapana ili mgahawa usifungwe, na hapana yangu ndiyo iliyoufunga.

Nami, na hili sijalisema kwa mtu, nilianza kuwasadiki. Nilikumbuka pumzi ile uliyoivuta kwa daktari alipotaja mkojo. Nikajiuliza ulitaka kusema nini. Nikajipa jibu mwenyewe, kama kawaida yangu. Miezi ile niliyokuwa nikikupitia mlangoni bila kukusalimu, ukadhani nina mawazo ya kukosa kazi, nilikuwa nimekuhukumu bila kukusikiliza. Ulikuwa na mguu usiokunjika na jicho linalozimika, na baba aliyekuona mhuni. Sijui ulikuwa unamwambia nani habari zako. Nadhani hukuwa na mtu.

Mama yako ndiye aliyekata shauri la Dodoma. Alisema, "Baba Perisi, mtoto hanioni nikisimama kushoto kwake." Tukapanda treni.

Daktari wa Dodoma alikuwa mama mtu mzima. Aliingia na karatasi zako, akatusalimu, akasema, "Mzee, asante kwa kumleta. Sasa mtupishe."

Nikasema, "Mimi ni baba yake."

"Ndiyo maana."

Mama yako alinivuta shati. Tukakaa nje kwenye benchi. Ukutani palikuwa na tangazo la kuchangia gharama za matibabu, nikalisoma na kulisahihisha moyoni, kosa hili na kosa lile, ili nisisikie sauti yako ikipita mlangoni. Kwa sababu ulikuwa unasema, Perisi. Sikuyasikia maneno, ila nilisikia kwamba yalikuwa mengi, na kwamba hayakuwa yanakatizwa. Sikujua kama unayo sauti ndefu namna ile.

Alipotuita ndani alitueleza bila kutuficha. Alisema: kidudu kiliingia kwa njia ya chakula, kikaleta kuhara damu, kikatoka. Lakini mwili uliokuwa ukipigana nacho haukujua kuacha. Ni kama askari walioitwa kumfukuza mwizi, mwizi amekimbia zamani, nao wamebaki wakivunja milango ya mwenye nyumba. Huvunja magoti, visigino, njia ya mkojo, macho. Akasema hakuna kipimo kimoja kinachosema kwa hakika kwamba ndio huu. Unapima kuondoa mengine, na mengine alikwisha kuyapima, pamoja na lile lililosemwa stesheni, na hayakuwamo. Kwa sehemu kubwa, alisema, ugonjwa huu hugunduliwa kwa kuuliza. Unamwuliza mgonjwa: majuma machache yaliyopita ulikuwa na nini? Akijibu, umeshika njia.

Kisha akanitazama mimi. "Na yale maumivu ya mkojo hayakutoka kwa mwanamume yeyote, mzee. Yalikuja na ugonjwa wenyewe. Nakuambia kwa sababu ameniomba nikuambie. Alisema yeye hataweza."



Akauliza, "Kule mlikokwenda mwanzo, hawakuuliza juu ya kuhara?"

"Waliuliza."

"Akajibuje?"

"Hakujibu yeye."

Akaifunika kalamu yake. "Basi," alisema. Hakuongeza neno. Hakimu wangu wa zamani angechukua kurasa mbili kusema alilolisema yule mama kwa neno hilo.

Goti lilipata nafuu kwa dawa na kwa yale mazoezi uliyolia nayo. Jicho la kushoto halikupata. Ndani yake palikwisha kushikana, alisema. Dawa ya matone ingefaa kama ingekuja mapema. Tukiwa kwenye treni ya kurudi niligeuza uso dirishani, nawe ukadhani sioni kwamba unanitazama. Ukasema, "Usihuzunike baba. Hili la kushoto lilikuwa la kukonyezea tu." Mama yako akacheka huku analia. Mimi sikuweza hata kimoja. Mtoto niliyemnyima neno lake alikuwa amelipata neno moja, na akalitumia kunifariji mimi.

Sasa nirudi kwenye jicho la kulia.

Utaniuliza kwa nini nisiingie huko unakosukwa nikakushika mkono twende Dodoma. Ningeweza. Ningekuamuru, ungesema "ndiyo baba", ungetangulia njiani. Tungefika, daktari angeuliza, nawe ungenitazama mimi. Nimekuona ukifanya hivyo hata tulipokwenda kununua viatu: muuzaji aliuliza vinabana, ukanitazama mimi, kana kwamba vidole vilikuwa vyangu. Ningeliokoa jicho mara hii moja. Mwakani ugonjwa ungerudi ukiwa Tabora, mbele ya daktari asiyekujua, hakuna baba wala mama, naye angekuuliza, "Kuna nini?" Ungesema, "Ni moshi tu." Na hapo giza lingekuwa pande zote mbili.

Nami sina dawa ya hilo. Nimekaa hapa tangu alasiri nikitafuta neno la kukuamsha, na mimi ni mtu niliyeishi kwa maneno. Sioni. Nilikuchukua ukiwa na mdomo kama wa mtoto yeyote, unauliza kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini treni inalia, nikakulea mpaka ukawa binti wa kusifiwa, binti anayeinamisha uso. Wageni walinipongeza. Walisema, "Karani, umelea." Nimelea nini? Nimelea mtu anayeweza kupofuka kimya kimya kwa heshima.

Sina imani kubwa kwamba barua hii itafaa. Nakuambia kweli yangu. Nitakupa mkononi kabla ya chakula, utaisoma kwa jicho linalouma, na huenda utaikunja, utanijia na kusema, "Nimesoma baba, ahsante, mimi mzima kabisa." Utasema hivyo kwa upendo, ili kesho isiharibike, ili nisihuzunike, ili mama yako asionekane alisema uongo. Nitakuwa nimesimama mbele ya kazi yangu mwenyewe iliyokamilika.

Ila nitafanya hili moja, kwa kuwa ndilo nililofundishwa kulifanya, na niliwafanyia watu wote wa tarafa hii isipokuwa wewe. Nimekwisha kuzungumza na mama yako. Nilimwambia, "Mama Perisi, leo ukimjibia, utakuwa umenisaidia kumuua." Alilia, akakubali. Baada ya chakula taa itakuwa katikati ya meza. Nitakuuliza swali moja, kisha nitanyamaza. Mama yako atanyamaza. Sitakusaidia kwa uso, sitatikisa kichwa, sitamalizia sentensi. Nitangoja hata kama mafuta ya taa yatakwisha.

Ukisema linauma, sanduku litabaki limefungwa vile vile, ila litapanda treni ya kwenda Dodoma badala ya ile ya Tabora. Daktari akikuuliza nitakuwa nje kwenye benchi. Nafasi ya chuo ikipotea, imepotea. Nitakwenda mwenyewe Tabora kusimama mlangoni mwa mkuu wa chuo na kuomba, nikiwa na suruali yangu ya zamani, na sijui kama atanisikiliza, siku hizi hawasikilizi wazee. Siwezi kukuahidi nafasi. Siwezi kukuahidi hata jicho, maana sijui lilianza lini, nawe hujaniambia.

Na ukisema halina kitu, nitakupeleka Dodoma kwa lazima. Lakini ujue kwamba usiku wa leo nitakuwa nimeshindwa, na kwamba baada ya Dodoma sitajua tena namna ya kukulinda.

Kicheko kimekoma kwa jirani. Naona unakuja, kichwa kimesukwa vizuri. Umeishika kanga usoni kwa mkono mmoja, na unatembea ukikwepa upande wa jua, ingawa jua lenyewe limebaki kidogo tu. Unadhani huku ndani ni giza na mimi sikuoni.

Sijakuandikia baraka, mwanangu. Nimeziacha, nitakupa kwa mdomo, utakapokuwa umenijibu. Na swali lenyewe usilishtukie, nakuandikia hapa ulijue mapema, kwa kuwa shahidi ana haki ya kulisikia swali vizuri kabla ya kujibu:

Perisi, jicho linauma?

Nimenyamaza.

Baba yako.